HEC-RAS mizanini: tuta likibomoka juu ya kituo cha nyuklia, programu hii ya bure inakufikisha wapi?

Programu za kukokotoa mafuriko ya mito zimejaa sokoni, na baadhi ya leseni zake zinakaribia bei ya gari la mtumba. HEC-RAS haiuzwi. Inatengenezwa na Hydrologic Engineering Center, kitengo cha US Army Corps of Engineers kilichoko Davis, California. Toleo la kwanza lilitoka 1995, hesabu za pande mbili (2D) ziliingia rasmi na toleo la 5.0 mwaka 2016, na mfululizo wa 6 ulianza 2021. Unaipakua, unaisakinisha kwenye Windows, unaanza kazi. Hakuna leseni ya kulipia wala tarehe ya kuisha.

Hapa tunaipima kwa kazi moja, tena ngumu: bwawa kubwa liko juu, kituo cha nyuklia kiko chini, tuta likibomoka, maji yatafika kimo gani uwanjani, na baada ya muda gani? Kwa kazi hiyo tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokosekana haikupotea kwenye hesabu za maji. Imepotea kwenye dirisha moja dogo la data za pengo la tuta, dirisha linalopokea namba yoyote utakayoandika bila hata kuguna.

Mahali pazuri pa kuipimia ni Oconee, South Carolina. Kituo kina mitambo mitatu, kimekaa kando ya ziwa Keowee, na kilomita kama 18 juu yake kuna tuta la Jocassee, la mawe na udongo, lenye kimo cha mita 117. Nyuma yake, ziwa likijaa, kuna maji takriban mita za ujazo bilioni 1.43. Uso wa Jocassee likijaa uko futi 1,110 juu ya usawa wa bahari. Wa Keowee, futi 800. Uwanja wa kituo, futi 796. Hizo mbili za mwisho zinastahili kusomwa mara ya pili: uwanja uko futi 4 chini ya ziwa jirani hata siku ambayo hakuna kilichobomoka. Kinachouweka mkavu ni matuta.

Uchunguzi wa mwaka 1992 ulitoa kina cha maji cha futi 12.5 hadi 16.8 uwanjani endapo Jocassee litabomoka, wakati jengo la akiba la kuzimia mitambo lilikuwa na ukuta wa kinga wa futi 5. Juni 2010 NRC, yaani mamlaka ya nyuklia ya Marekani, ilimwandikia mwenye kituo barua rasmi ya kumtaka achukue hatua. Baada ya Fukushima, Machi 2012, vituo vyote vya nchi hiyo vilitakiwa kupiga upya hesabu za mafuriko, na Julai 2013 ukatoka mwongozo maalumu wa kubomoka kwa mabwawa, JLD-ISG-2013-01. Kujua kwamba futi 12.5 zinapita juu ya ukuta wa futi 5 hakuhitaji kompyuta. Kujua kama ni 12.5 au 16.8 ndiko kunakohitaji, na hapo ndipo programu inapotoka jasho.

Kabla ya kuifungua, fanya kazi ya karatasi. Mwongozo wa 2013 kwa makusudi unaanza na hesabu nyepesi: orodhesha mabwawa yote yaliyo juu ya kituo, ondoa yale madogo yasiyo na athari, jumlisha ujazo wa yaliyobaki, kisha yamimine yote kwenye bonde la kituo kana kwamba yamebomoka kwa pamoja. Yakishindwa kufika uwanjani hata hivyo, kazi imekwisha. Yakifika, unapanda ngazi: kilele cha mtiririko bila kupungua njiani, kisha kilele kinachopungua, na mwisho kabisa modeli kamili. Watu wengi wanaanzia ngazi ya mwisho kwa sababu ramani za rangi zinapendeza, halafu wanapoteza wiki tatu kwa bwawa ambalo penseli ingeliondoa kwa nusu saa.

Modeli ikihitajika kweli, kazi inaanzia kwenye RAS Mapper, sehemu ya programu inayoshika ramani. Hapa HEC-RAS inastahili sifa zake. Kila seli ya wavu, yaani kila kipande ambacho ardhi imegawanywa kwa ajili ya hesabu, haibebi mwinuko mmoja tu. Programu inasoma ardhi iliyo ndani ya seli na kando ya kila ukingo wake, ikatengeneza jedwali la mwinuko na ujazo. Kwa hiyo seli ya mita 60 bado inaujua mfereji wa mita 5 unaopita katikati yake. Hilo linakuruhusu kuweka seli pana ziwani, kisha seli za mita 10 hadi 15 kuzunguka majengo ya kituo. Sharti ni kwamba kingo za seli zikae juu ya matuta, kuta na barabara zilizoinuka, kwa kuchora mistari ya kulazimisha wavu uzifuate. Ukisahau mstari juu ya tuta dogo la maji ya kupoozea, seli zitalilalia kwa upana, na maji yatavuja upande wa pili kabla hayajafika kileleni. Kwenye picha utaona dimbwi la buluu lisilo na njia ya kuingilia. Ukiliona, usilaumu hesabu; rudi ukachore mstari.

Ramani ya mwinuko yenyewe ina mitego miwili. Vipimo vya leza kutoka angani havioni chini ya maji, kwa hiyo kwenye ziwa unapata uso bapa, si kitanda chake. Usipoongeza vipimo vya kina, mto wako utakuwa na sakafu ya kioo. Mtego wa pili ni usawa wa marejeo, yaani sifuri ambayo mwinuko unapimwa kutoka kwayo. Michoro ya vituo vya zamani vya Marekani imeandikwa kwa NGVD29, ramani mpya kwa NAVD88. Mahali ambapo uwanja na ziwa vinapishana kwa futi 4 tu, kuchanganya marejeo hayo mawili ni kujidanganya. Na anayetaka kurudia zoezi hili kwa ramani za bure za dunia nzima, zenye hatua ya mita 30, ajue kwamba makosa yake ya wima ni mita kadhaa. Zinatosha kukuambia wimbi litapita bonde gani. Mlango wa chumba cha pampu hazitakuambia kama utalowa.

Sasa dirisha la pengo. Tuta linawekwa kama kiungo kati ya ziwa na eneo la 2D, na ndani ya kiungo hicho unajaza: upana wa mwisho wa pengo chini, mwinuko wake wa mwisho, mteremko wa kingo, muda wa kufunguka, aina ya kubomoka (maji kupita juu ya tuta, au kupenya ndani na kuchimba tundu), na kinachoanzisha: kimo fulani cha maji, au saa uliyoipanga wewe. Kwa kituo cha nyuklia unahitaji aina zote tatu za tukio. La mafuriko unalianzisha kwa kimo cha maji. La tetemeko unalianzisha kwa saa, huku mto ukiwa tayari umebeba mafuriko yake. La tatu ni lile la jua kali, tuta linapobomoka bila mvua wala tetemeko, na wengi hulidharau. Taum Sauk, Missouri, Desemba 14, 2005: bwawa la juu la mtambo wa kupandisha maji kwa pampu liliendelea kujazwa kwa sababu vipimo vya kimo vilikuwa vimelegea, maji yakapita juu ya tuta la mawe, tuta likaenda. Jocassee nalo ni bwawa la mtambo wa kupandisha maji kwa pampu.

Ndani ya dirisha hilo kuna kikokotoo chenye kanuni za MacDonald na Langridge-Monopolis, Froehlich ya 1995 na ya 2008, Von Thun na Gillette, na Xu na Zhang. Unabonyeza, namba zinajipanga, unachagua. Urahisi huo ni mtamu na ni hatari. Chukua Jocassee, ujazo bilioni 1.43, kimo cha pengo mita 117. Froehlich ya 2008 inasema muda kwa sekunde ni 63.2 mara kipeuo cha pili cha ujazo ukigawanywa kwa g (mchapuko wa uvutano wa dunia) na mraba wa kimo: sekunde 6,500 hivi, yaani saa 1.8. Upana wa wastani ni mita 278 kwa tundu, au 361 maji yakipita juu, kwa sababu hapo kizidisho kinapanda kutoka 1.0 hadi 1.3. Von Thun na Gillette, kwa kina cha maji cha mita 110, wanatoa upana wa mita 330, na muda wa saa 1.65 kwa tuta linalomomonyoka upesi au 2.45 kwa tuta sugu. MacDonald na Langridge-Monopolis, kwa matuta ya mawe, wanakupeleka karibu saa 6.8.

Saa 1.8 na saa 6.8 kwa tuta lile lile. Kwa bwawa hili si suala la ladha. Ukichukua pengo lote la Froehlich, mgawo wa kizingiti 1.44, na ziwa ukaliacha limejaa pomoni, hesabu ya mkono inatoa zaidi ya mita za ujazo 400,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ziwa zima lingekauka ndani ya saa moja, maana yake ni kwamba kilele hicho hakiwezekani: maji yanashuka pengo likiwa bado linafunguka. Muda ndio unaoamua kilele. Kanuni ya Froehlich ya 1995 ya kukadiria kilele moja kwa moja inatoa kama 104,000. Lakini usiikumbatie nayo. Ijaribu kwa Teton, Idaho, tuta lililobomoka Juni 5, 1976 likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza: ujazo milioni 310, kina mita 77, kanuni inatoa karibu 43,000. Kilele kilichokadiriwa baada ya tukio ni karibu 65,000. Kanuni inayopunguza theluthi moja si ya kujengea ukuta. Ni ya kukushtua tu pale modeli yako inapotoa namba ya ajabu.

Ndiyo maana tumeikata nyota. Andika muda wa dakika 20 au saa 20, programu itaendesha zote mbili kwa utulivu ule ule na kukuletea ramani mbili nzuri. Haikuambii kwamba muda wa Xu na Zhang unajumuisha hatua za mwanzo za kumomonyoka, kwa hiyo ni mrefu kuliko ule ambao dirisha linautarajia. Hilo limeandikwa kwenye mwongozo, si kwenye skrini. Haikuulizi kama sakafu ya pengo uliyoiweka iko chini ya maji ya upande wa pili, ilhali maji ya Keowee yanafika hadi mguuni mwa tuta la Jocassee na yanausukuma nyuma mtiririko. Na ndani yake hakuna kitufe cha kuendesha mamia ya mapengo kwa kubahatisha vigezo. Kwa hilo utumie McBreach, iliyotengenezwa nje, au uandike msimbo wako wa kuiendesha programu kutoka Excel. Kwa kituo cha nyuklia kuruka hatua hiyo hairuhusiki kiakili: jibu ni mtawanyiko wa vimo uwanjani, na namba moja peke yake haijibu swali.

Ziwa lenyewe unaweza kuliweka kama beseni lenye jedwali la kimo na ujazo, au kulichora lote kwa 2D. Beseni ni jepesi, lakini linadhani uso wote unashuka kwa pamoja kama maji ya sinia. Jocassee lina mikono myembamba inayoingia milimani, na maji ya mkononi huchelewa kufika pengoni. Anza na beseni, kwa kuwa kwa ziwa kama hili huelekea kutoa kilele kikubwa zaidi; kisha chora 2D uone umepunguza kiasi gani.

Kwenye hesabu zenyewe, usiache chaguo la mwanzo. Programu ikifunguka inatumia mlinganyo uliorahisishwa wa msambao, wenye kasi na usiovunjika ovyo, lakini unaoacha nje mchapuko wa maji, yaani mabadiliko ya mwendokasi wake. Wimbi la bomoko linagonga ukuta, linapanda, linageuka. Mlinganyo uliorahisishwa haulioni hilo. Chagua milinganyo kamili, ukubali gharama yake. Maji yakienda mita 12 kwa sekunde ndani ya seli za mita 15, hatua ya muda ni sekunde 1, si 10. Ukiweka hatua inayojirekebisha yenyewe, programu itaishusha wimbi likipita na kuipandisha baadaye, na utaokoa saa nyingi. Ikimaliza, usikimbilie ramani. Fungua kumbukumbu ya hesabu utazame kosa la ujazo: maji yaliyoingia ukitoa yaliyotoka na yaliyobaki. Likizidi asilimia 1, ramani hiyo ni pambo.

Msuguano nao unahitaji mkono wa mtu. Kilomita za kwanza chini ya tuta, wimbi linabeba miti, mawe na mwili wa tuta lenyewe; n ya Manning, namba inayoeleza ukali wa ardhi inayopitiwa na maji, iliyopimwa kwa mto mtulivu haifai hapo. Kawaida huongezwa, hata maradufu, karibu na tuta, kisha kushushwa polepole kadiri unavyotelemka.

Sehemu iliyotufurahisha zaidi ni jinsi programu inavyoshughulikia mabwawa yanayofuatana, na Oconee inalihitaji hilo hasa. Wimbi la Jocassee linaingia Keowee, ambalo nalo lina matuta yake. Mazoea yanasema kudhani kila tuta linabomoka ndiyo tahadhari. Hapa si hivyo. Tuta la Keowee likifunguka mapema, ziwa linapata mlango wa kutokea, na uso wa maji karibu na kituo unaweza kushuka. Likikaza kwa saa moja zaidi, maji yanarundikana na kuufuata uwanja. Na likishabomoka, maji yaliyopita yanajaza bonde la chini na kuurudia uwanja kwa nyuma. HEC-RAS inakuruhusu kila tuta liwe na kiungo chake na kichocheo chake, mfano sentimita 30 juu ya kilele kwa nusu saa, na kuhifadhi kila mchanganyiko kama mpango tofauti ndani ya mradi mmoja. Endesha hali ya kubomoka, ya kutobomoka, na ya kuchelewa, upange mistari yote kwenye grafu moja ya uwanjani. Kwa programu ya bure, hilo ni kubwa.

Isiyoyafanya nayo yajulikane. Haihesabu mawimbi ya upepo yanayopanda ukutani. Unayaongeza mwenyewe juu ya kimo cha mwisho, kwa kawaida kwa upepo wa miaka 2. Hailijui tetemeko. Inatoa wastani wa kasi kutoka juu hadi chini, kwa hiyo nguvu ya maji kwenye mlango wa chuma ni hesabu nyingine. Na haijui kama kinga itashika. Fort Calhoun, Nebraska, mwaka 2011, ilizungukwa na maji ya mto Missouri, na bwawa la mpira lililojazwa maji kuzunguka majengo lilipasuka Juni 26 baada ya kuguswa na mashine ya kazi. Hakuna modeli ya mto ingeliona hilo.

Kero ndogo ndogo: inaanza kwa futi na ekari, kwa hiyo badili vipimo kabla hujaingiza chochote. Inajifunga ghafla, basi hifadhi kila mara. Na kwa walio Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, ambao Windows yao iko kwa Kifaransa: alama ya desimali ikiwa mkato badala ya nukta, programu inasoma vibaya au inagoma kabisa. Badilisha kwenye mipangilio ya eneo ya Windows kabla ya kusakinisha. Kompyuta yenye GB 16 za kumbukumbu inatosha kwa seli laki chache. Kuongeza viini vya prosesa hakusaidii sana modeli ndogo.

Mbadala wa bure ni TELEMAC, yenye nguvu lakini inayotaka mtu asiyeogopa kuandika amri. SRH-2D ya Bureau of Reclamation ni thabiti, ila bila kiolesura cha kulipia inachosha. Zile za kulipia zina kasi zaidi kwenye kadi za picha. Kwenye pengo la tuta hazikuondolei shaka hata moja.

Bonde la Tana halina kituo cha nyuklia, lakini lina ngazi ya mabwawa inayofaa sana kujifunzia: Masinga juu, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga hubeba takriban bilioni 1.56, karibu sawa na Jocassee, nyuma ya tuta la kama mita 60. Tia namba hizo kwenye Froehlich ya 2008: upana unatoka ule ule, mita 278 kwa tundu, lakini muda unapanda hadi saa 3.7. Weka viungo vitano kwenye faili moja, uanze na kichocheo cha Kamburu.